Jembe la Mgeni



Ndugu msomaji, likizo iliyopita mimi na wenzangu wawili wa hapa chuoni tulisafiri kutoka Bujumbura hadi Tanga. Mitihani ilikuwa imekwisha, tulikuwa tumeweka akiba muhula mzima, na bado nauli yangu ilipungua. Nikamwendea mama. Aliniuliza jambo moja tu: "Unakwenda kufanya nini huko?"

Nikamjibu, "Kupumzika, mama."

Alikuwa ametoka sokoni Ruvumera, mikono yake bado inanukia ndagala. Akanitazama, akauliza tena: "Umechoshwa na nini?"

Nikasema, masomo. Akacheka, akafungua fundo la kitenge chake, akanihesabia faranga. Nilipokuwa naondoka akaongeza neno ambalo sikulitilia maanani siku ile: "Babu yangu naye alikwenda Tanga. Ila yeye hakwenda kupumzika."

Nimerudi na maswali ya mama hayajaniacha. Nataka tulifikirie pamoja suala moja ambalo naona vijana wengi hatulitazami. Mtu akienda mahali kwa ajili ya kujiburudisha tu, akalipa kila alichodaiwa, je, ana wajibu wowote zaidi kwa watu wa mahali pale? Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtalii hukaa siku kumi na hakuna anayethubutu kumpa jembe, kwa sababu amelipa. Je, fedha yake ndiyo jembe lake? Au fedha ni njia ya kulikwepa?

Bahari, milima na mji

Tulichagua Tanga kwa sababu ndani ya mkoa mmoja unapata vitu vitatu ambavyo kwingine ungevifuata mbali mbali: bahari, milima na mji mkubwa. Basi la kutoka kwetu hupita mpaka wa Kobero, likakata Tanzania yote kuelekea Dar es Salaam. Sisi tuliteremka Chalinze, tukapanda gari jingine la kaskazini hadi Segera na kuingia Tanga mjini usiku.

Mji ule ulitukaribisha vizuri. Baiskeli zimejaa barabarani, upepo wa bahari unapita mpaka ndani ya vibanda vya chai, na kule Ngamiani mitaa inaitwa kwa namba, kama avenyu zetu za Buyenzi. Watu walicheka Kiswahili chetu nasi tukacheka chao, na hakuna aliyeumia. Tuliogelea Ras Kazone. Tuliingia mapango ya Amboni, mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji, popo juu na giza mbele. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika hudhani ameyajua maji. Kumbe bahari ina chumvi, ina kupwa na kujaa, na asubuhi unaikuta imekwenda zake na kuacha mashua zimelala ubavu. Sitajifanya kwamba sikufurahi. Mwili una haki yake, na Qur'ani yenyewe inatuhimiza kutembea katika ardhi na kutazama. Kupumzika si dhambi, na makala haya hayakusudii kumtia mtu hatia kwa sababu ameogelea.

Lakini siku ya tatu tulikwenda Tongoni.

Tongoni ni kijiji cha pwani, kusini ya mji, kwenye njia ya Pangani. Pana magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya arobaini ya Waswahili wa kale, baadhi yakiwa na nguzo ndefu za mawe zilizokuwa zimepambwa kwa vyombo vya kauri kutoka ng'ambo. Mji ule ulisitawi kabla Vasco da Gama hajapita katika pwani hii mwaka 1498. Tulilipa kiingilio, tukaanza kupiga picha. Mwenzangu mmoja akaegemea nguzo. Mimi nikakaa juu ya ukuta mfupi wa mawe, nikakunja miguu, nikatabasamu.

Mzee mmoja aliyekuwa karibu akatusogelea. Tukamwamkia, akaitikia marahaba. Kisha akasema kwa upole, "Wanangu, hapo ulipokaa pamelala mtu."

Niliruka kama niliyekalia kaa la moto. Msomaji, mimi nimefunzwa madrasa tangu mdogo kwamba kaburi halikaliwi. Kwetu nisingethubutu. Yale ya Tongoni nayo ni makaburi ya Waislamu, yaliyojengwa kando ya msikiti kama inavyojengwa popote. Sasa kitu gani kilinisahaulisha? Nimejiuliza sana, na jibu ninalolipata ni kile kiingilio. Nilipokwisha kulipa mlangoni, macho yangu yalibadilika. Yale mawe hayakuwa tena mtu aliyelala. Yakawa kitu nilichonunua haki ya kukitazama.

Njia haikuwa nusu

Kutoka Tanga tulikwenda milimani Usambara. Gari hufika Mombo chini kwenye joto, kisha hupanda kwa mizunguko, likapita maporomoko ya Soni, hadi Lushoto. Wajerumani walipaita Wilhelmstal, wakapafanya mahali pa kukimbilia joto la pwani. Ilikuwa masika. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba ya kabichi na viazi, na usiku tulilala na masweta yetu mwilini. Kwa sababu ya mvua wageni walikuwa wachache, na vijana wanaotembeza watu walikaa tangu asubuhi barazani bila kazi.

Mmoja wao akatufuata. Alikuwa rika letu. Alituambia kutupeleka Irente na kutuzungusha vijijini ni shilingi 30,000 kwa sisi watatu. Tukamwambia sisi wanafunzi, tena wa kutoka mbali. Akashuka hadi 25,000. Tukageuza migongo kama tunaondoka. Mnaujua mchezo huo, sote tunaucheza sokoni. Mwisho akakubali 15,000, yaani nusu.

Akatutembeza siku nzima. Hakupunguza hatua hata moja. Alituonyesha mti huu na dawa yake, akatuombea maji ya kunywa kwa mama mmoja, akatungoja tulipotawadha na kusali. Njiani alituuliza kila mmoja anasoma nini, na maswali yake yalikuwa ya mtu anayependa shule. Alisema yeye aliishia kidato cha nne. Hakueleza kwa nini, nasi hatukumuuliza. Kule Irente tulisimama juu ya mwamba, ardhi ikakatika mbele ya miguu yetu, na chini kabisa ikaonekana tambarare ya Mazinde. Mashamba ya mkonge yalikuwa yamepangika mistari kwa mistari kama daftari. Nilipiga picha nyingi.

Tuliporudi Lushoto jioni tukampa fedha zake. Akazihesabu, akashukuru. Halafu, bila hasira, kama mtu anayesahihisha hesabu ndogo, akasema: "Sawa kaka zangu. Lakini njia mliyotembea haikuwa nusu."

Akaenda zake. Sisi tukaenda kula chipsi na kuku. Nilihesabu baadaye: tulichomkata kilikuwa shilingi 5,000 kwa kila mmoja wetu, na chakula cha usiku ule kilizidi hapo.

Aliridhia?

Safari ya kurudi ni ndefu, na tuliigeuza kuwa darasa. Mmoja wetu anasoma sheria, na alisimamia hoja yake vizuri. Nitaieleza kwa uaminifu.

Alisema biashara ni maridhiano. Tulitaja bei, naye akataja bei, akakubali kwa ulimi wake, hakushikiwa panga. Tulimlipa siku ileile kabla jasho halijakauka. Hakuna kadhi wala hakimu atakayetudai. Tena, akasema, angalia upande wa pili: kama tungekwenda wenyewe bila yeye, angepata sifuri. Nusu ni bora kuliko sifuri. Kwa hiyo sisi tulimfaa, hatukumdhuru.

Hoja hii ilininyamazisha kutoka Chalinze hadi Dodoma. Bado naiona nzito. Nakubali kwamba hakuna mahakama itakayotuhukumu. Lakini kadiri nilivyoifikiri niliona mashimo mawili.

La kwanza ni hilo neno ridhaa. Mtu mwenye njia tatu akichagua mojawapo, ameridhia. Mtu aliyekaa barazani tangu alfajiri, mvua inanyesha, nyumbani hakujulikani kitapikwa nini, naye amebakiwa na njia moja, ridhaa yake si sawa na ya yule wa kwanza. Wanavyuoni wetu wamelijadili tangu zamani suala la mauziano ya mtu aliyebanwa na dhiki, kwa hiyo silibuni leo. Na kibaya zaidi, sisi tulijua. Hatukumpunguzia kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya thamani ndogo, maana kabla ya kutembea hatukuijua thamani yake. Tulimpunguzia kwa sababu tuliona baraza limejaa vijana na wageni ni sisi peke yetu. Dhiki yake ndiyo tuliyoigeuza kuwa punguzo letu.

Shimo la pili liko katika hesabu ya nusu na sifuri. Ukikubali kwamba chochote kilicho juu ya sifuri ni wema, basi hakuna ujira duniani utakaouita dhuluma. Kila anayemnyonya mtu anaweza kusema, bila mimi angekosa kabisa. Hapo ndipo nilipomkumbuka babu yake mama.

Manamba

Mkonge si mmea wa kwetu Afrika. Uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche kama elfu moja ilitumwa kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na kutokana na hiyo yakazaliwa mashamba yaliyofunika nchi yote ile. Mashamba yalitaka mikono mingi kuliko iliyokuwapo. Kwa hiyo enzi za ukoloni watu walitolewa mbali, na miongoni mwao walikuwamo maelfu kutoka Ruanda-Urundi, yaani kwetu. Waliitwa manamba, neno lililotokana na namba, kwa kuwa katika daftari la shamba mtu alijulikana kwa namba yake. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku thelathini.

Nao waliridhia! Kodi ya mkoloni ilikuwa inawangoja nyumbani, na aliyekosa fedha aliijua adhabu yake. Mtu akatembea kwa miguu hadi Tanga, akakubali ujira aliopewa. Kama tungemuuliza bwana shamba, angetujibu kama alivyojibu mwenzetu: bila shamba langu angepata sifuri.

Silinganishi kosa la wanafunzi watatu na ukoloni. Tofauti yake ni kama ya tone na bahari. Ninachosema ni kwamba hoja ni ileile, na hoja inayoweza kumtetea bwana shamba inipasa kuiogopa inaponitetea mimi.

Niliporudi Buyenzi mama aliniomba simu aone picha. Aliziangalia taratibu, moja moja. Akafika kwenye ya mama aliyetupa maji. "Huyu anaitwa nani?" Sijui, mama. Ya mzee wa Tongoni. "Na huyu?" Sijui. Ya kijana wetu, amesimama kando ya mwamba. "Huyu mliyetembea naye siku nzima?" Nikanyamaza. Ukweli ni kwamba tulimwita kaka siku nzima, na neno hilo zuri likatusaidia tusimuulize jina.

Akafika kwenye picha ya Irente, ile mistari ya mkonge chini ya mlima. "Hiki nini?" Nikamwambia. Akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ni mzuri," akasema. "Babu alirudi na makovu mikono yote. Hakuwahi kutuambia kuwa ni mzuri."

Jembe ni lipi?

Sasa narudi kwenye methali. Zamani niliielewa kama onyo kwa mgeni mvivu: usitukalie bure. Siku hizi naona ina jambo la ndani zaidi. Jembe analopewa mgeni siku ya tatu si adhabu. Ndilo linalomtoa ugenini. Ukishalima na watu shamba lao, unakuwa na malengelenge kama yao, wanakuita kwa jina nawe unawaita kwa majina yao, na ukiondoka kuna kazi yako iliyobaki pale. Methali inaunganisha vitu viwili kwa mpangilio: kwanza ugeni, siku mbili za kupokewa kwa heshima, kisha jembe, kushiriki.

Manamba alipewa jembe akanyimwa ugeni. Hakuwa na zile siku mbili, na jina lake halikuulizwa. Mimi mjukuu wao nimekwenda kulekule nikapewa ugeni, nikalikwepa jembe, na jina la mtu halikuulizwa vilevile. Yeye walimwita namba, na mimi nikamwita mwenzangu kaka huku namkata nusu.

Mtu atasema, je, unataka watalii wakalime kabichi? Hapana. Yule kijana hakuhitaji nimbebee mzigo wala nimpe machozi. Alihitaji shilingi 30,000 zake. Hapa nataka niwe wazi, kwa sababu kuna watu hupenda kuzungumza habari za utu na udugu ili wasitoe fedha. Jembe la kwanza la mtalii ni kulipa haki kamili, na kutolifanya baraza tupu kuwa bahati yake. Huo urafiki wa njiani bila hiyo haki ni mapambo tu.

Lakini baada ya kulipa, lipo linalobaki, nalo fedha hailifikii. Kiingilio cha Tongoni kilikuwa halali, nikakilipa kamili, na bado nikamkalia maiti. Kulipa kulinipa ruhusa ya kuingia, na hakukuyageuza makaburi kuwa mali yangu. Pale bado ni kwa watu: kuna waliolala, kuna wanaowaombea, kuna anayefagia. Linalobaki kwa mgeni ni kukumbuka hivyo wakati wote, hata anapofurahi. Aombe ruhusa kabla ya kuinua simu. Aulize jina, na akiambiwa alishike. Aulize pia ardhi anayoiona nzuri ililimwa na nani. Huko nako ni kulima, kwa sababu kunachosha na kunapunguza starehe kidogo. Nadhani ndiyo maana hatukupendi.

Naona pia kwamba huko ndiko kutazama ambako Qur'ani inatuhimiza. Ameamrishwa kutazama yule anayetembea ili azingatie, apate kujua waliotangulia walikuwaje na mwisho wao ulikuwaje. Mimi nilisimama juu ya mwamba nikatazama chini mahali alipotangulia mtu wa damu yangu, nikaona mistari tu.

Kabla ya kumaliza, nawadai habari moja. Wiki mbili baada ya kurudi tuliitafuta namba ya nyumba ya wageni tuliyolala Lushoto. Mwenyewe alimfahamu kijana wetu. Tukachanga, tukampa mfanyabiashara mmoja wa hapa mtaani anayekwenda Dar es Salaam kuchukua bidhaa, naye akamtumia kwa simu shilingi 15,000 zilizobaki. Mwenzetu wa sheria alitoa fungu lake lote, ila akasisitiza kwamba anatoa sadaka, si deni. Sikubishana naye. Mimi nililipa deni. Sijui ni nani kati yetu yuko sawa, na nakuachia wewe msomaji ulipime.

Kijana alitutumia ujumbe wa sauti. Alishukuru, akasema mvua zimepungua na wageni wameanza kurudi, akatuuliza tulifika salama. Mwishoni akataja jina lake kamili, la kwake na la baba yake, kama anayejua kwamba hatulijui. Sitaliandika hapa, kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Lakini mama analijua. Nilimwambia siku ileile, akalirudia mara mbili ili asilisahau.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.